Ni Mvua Tu

Jumamosi moja ya Aprili 2025 nilipanda juu ya paa la mamangu kule Ruiru nikiwa na antena ya shilingi 1,200, mita 15 za waya, na kiburi cha mtu aliyetazama video tatu za YouTube. Nilikuwa nimeamua kwamba dikoda imefika mwisho. Kila mwezi Mama alikuwa akituma zaidi ya elfu tatu kwa kampuni moja ili aonyeshwe vituo zaidi ya mia, na katika hivyo vyote alitazama vinne. Viwili kati ya hivyo vinne ni vya bure. Hesabu hiyo ilikuwa inanikera mimi kuliko ilivyomkera yeye.

Mpango ulikuwa rahisi. Antena ilete vituo vya humu nchini. Wifi niliyomwekea Krismasi ilete filamu na tamthilia. Dikoda irudi kwenye katoni. Vijana wengi ninaowajua wamefanya hivyo kwao, na tukikutana tunasimuliana kama watu walioacha sigara.

Nimekaa na mpango huo kwa muda wa kutosha sasa kuuhakiki, jinsi mtu anavyohakiki kitabu au mchezo wa kuigiza. Naona unastahili. Kila njia ya kuleta picha sebuleni ina mtu inayemfikiria, mtazamaji iliyemuumba kichwani mwake. Dikoda, mitandao ya filamu na antena hazimfikirii mtu mmoja. Na kila njia ina mkono wake kwenye swichi. Hayo mawili, nani anafikiriwa na nani anazima, ndiyo niliyosahau kuuliza nikiwa juu ya paa.

Nianze na dikoda, kwa sababu kwetu ilianza na Baba.

Ilipoingia, Baba alikuwa hai na gereji yake ilikuwa bado inapata wateja. Miezi mizuri tulitazama mpira hadi usiku. Miezi mibaya picha ilikatika, tukabaki na maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yakidai malipo. Baba hakuwahi kusema hana pesa. Alisema, "Ni mvua tu. Itarudi."

Uongo huo ulikuwa na sayansi ndani yake. Mvua kubwa kweli huvuruga mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti hadi kwenye dishi. Shida ni kwamba Baba aliusema Januari, jua likichoma mabati hadi yanalia. Sisi watoto tulikuwa tunajua kusoma. Maandishi yalikuwa wazi kabisa. Tukanyamaza.

Nikikumbuka sasa, naona kisa hicho tulikuwa tunakitazama kila wiki bila kujitambua. Katika Papa Shirandula, kipindi cha Citizen, marehemu Charles Bukeko aliigiza mlinzi anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi anayofanya. Anatoka nyumbani na suti, anafika kazini anavaa sare. Tulicheka hadi machozi, na Baba alicheka kuliko sisi sote. Watu husema vipindi vile vilikuwa vya kuchekesha tu, havina uzito. Mimi sikubaliani nao. Kulikuwa na mzee mmoja Ruiru aliyekuwa akitazama suti yake mwenyewe ikivuliwa mbele ya familia yake, na akapata ruhusa ya kucheka.

Basi dikoda inamfikiria mtazamaji kama mdeni. Kila mwezi unaanza ukidaiwa. Siku ambazo hukuwasha TV zinahesabiwa, siku ambazo stima zilipotea zinahesabiwa, wiki uliyosafiri kwenda mazishini inahesabiwa. Na deni lenyewe halisemwi kwa siri. Linaandikwa kwenye skrini, sebuleni, wageni wakiwa wameketi. Ndiyo maana nilipanda lile paa na hasira kidogo. Nilidhani napigania mfuko wa Mama. Nadhani nilikuwa napigania heshima ya Baba.

Jioni ya siku hiyo nikawasha Netflix. Nilikuwa nimemfungulia Mama akaunti na kutengeneza majina manne: lake, langu, la dadangu, na moja la wajukuu. Skrini ikauliza, kwa Kiingereza, nani anatazama. Vichwa vinne vya katuni vikawa vinatabasamu. Mama akamgeukia Mama Brayo, jirani yetu wa miaka 18, ambaye huja saa moja jioni akiwa na kikombe chake mwenyewe.

"Tuko wawili," Mama akaniambia. "Hapo tunabonyeza nani?"

Sikuwa na jibu. Nikabonyeza jina langu. Wiki mbili baadaye, nikifungua kwangu Roysambu, mapendekezo yangu yote yalikuwa harusi za Korea.

Nimelifikiria swali la Mama mara nyingi. Mitandao ya filamu inamfikiria mtu mmoja, mwenye skrini yake, saa yake na ladha yake. Kwa kijana anayeishi bedsita hilo ni jambo zuri sana, na sitajifanya silipendi. Nimetazama filamu za Senegali na Brazili saa nane usiku ambazo hakuna kituo cha humu kingewahi kunionyesha. Lakini sebule ya Ruiru si mtu mmoja. Ni watu wawili, wakati mwingine watano, na mmoja wao hana akaunti wala barua pepe. Hakuna katuni ya jirani aliyekuja na kikombe.

Tuongee pesa pia, kwa sababu ndiyo sababu tunayoitaja kwanza. Saa moja ya video ya kiwango cha kawaida inaweza kula hadi GB 1 ya data, na ya HD hadi GB 3. Ukitegemea bando, filamu moja inakumalizia wiki. Kwa hivyo unahitaji wifi ya kila mwezi. Kama tayari unayo kwa sababu ya kazi au masomo, kuacha dikoda ni faida tupu. Lakini Mama alikuwa anaitumia kwa WhatsApp na mahubiri. Ukijumlisha wifi na Netflix, niliyemwokoa elfu tatu nilikuwa nimemtafutia njia mpya ya kuzitumia. Tofauti ni kwamba bili zilianza kuja kwa simu yangu. Nami nikagundua kwamba Mama akiniuliza mbona picha inakwama, ninaanza kusema, "Ni mtandao tu, utarudi." Unajua nilijifunza wapi kuongea hivyo.

Hata hivyo kuna jioni mbili za mtandao ambazo sitazisahau.

Ya kwanza niliwawekea Crime and Justice, tamthilia ya polisi ya mwaka 2021, ya kwanza ya Kenya kutengenezwa kwa ajili ya Showmax. Ni kazi nzuri, kesi zinazofanana na habari tunazosikia kila siku, Nairobi isiyopakwa poda. Sarah Hassan ndiye mpelelezi Makena. Dakika tano hazikuwa zimeisha kabla Mama Brayo hajaketi wima.

"Huyu si Tanya?"

Alikuwa Tanya. Ni yule msichana wa Tahidi High, wa Citizen, aliyekua mbele ya macho yetu. Kuanzia hapo wale kina mama wawili walitazama tamthilia tofauti na yangu. Mimi nilikuwa natazama mpelelezi mkali. Wao walikuwa wanamtazama mtoto wa mtaa aliyepata kazi nzuri, na kila Makena alipoingia hatarini walimwonya kwa jina la shule. Hakuna mashine ya mapendekezo inayojua jambo hilo. Mtandao unajua ulichobonyeza juzi. Haujui nani amekukulia sebuleni.

Jioni ya pili ilikuwa Country Queen, mfululizo wa kwanza wa Kenya kwenye Netflix, uliotoka Julai 2022 ukiwa na vipindi sita. Akisa anarudi kijijini baada ya miaka mingi Nairobi, anakuta kampuni ya madini inataka ardhi ya watu wake. Wahusika wanaongea Kiswahili, Kiingereza, Sheng na Kikamba. Mama Brayo ni mtu wa Kitui. Aliposikia Kikamba kikitoka kwenye TV ile kubwa, si kwa redio, si kwa mazishi, aliweka kikombe chini. Tulitazama vipindi viwili mfululizo. Mwishoni akaniuliza, "Mbona hii hawakuionyesha kwa TV?"

TV ilikuwa mbele yake. Lakini nilimwelewa. Kwake, "kwa TV" maana yake ni mahali ambapo dadake kule Kitui angekuwa anaitazama saa hiyo hiyo, ili kesho wapigiane simu wabishane kuhusu mashamba. Huo ndio uhakiki mkali zaidi niliowahi kuusikia juu ya Country Queen, na haugusi uigizaji wala kamera. Ni hadithi ya ardhi ya kijiji, lakini ili kuiona unahitaji kadi na intaneti ya mjini. Sisi tuliitazama kila mtu na chumba chake, kila mtu na siku yake, tukaiongelea wikendi moja Twitter, basi. Hadithi iliyostahili kugombanisha nchi nzima ikawa kitu ulichokimaliza na mimi bado sijaanza.

Sasa antena.

Kuifunga ni kazi ya dakika 20 na aibu ya saa mbili. TV nyingi za siku hizi zina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, mfumo wa dijitali tunaoutumia Kenya, kwa hivyo hauhitaji kisanduku kingine. Nilielekeza antena upande wa Limuru, kuliko na mitambo ya kurusha matangazo. Mama akasimama dirishani kunisomea skrini.

"Bado! Bado! Hapo! Usiguse!"

Ni maneno yale yale aliyokuwa akimpigia Baba kelele enzi za ile TV yenye kisogo. Wakati huo ukikosea kidogo unapata chengachenga, watu wanaonekana kama wamo ndani ya vumbi, lakini unaendelea kutazama. Dijitali haina huruma hiyo. Picha iko safi, au inaganda vipande vipande kama vigae, au haiko kabisa.

Wengi wetu tulisahau antena mwaka 2015. Nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimepewa hadi Juni 17 ya mwaka huo kuhama kutoka analogi, na hapa kwetu mvutano kuhusu nani atabeba mawimbi ulifanya NTV, KTN na Citizen zisionekane kwa takriban wiki tatu, kuanzia Februari. Nilikuwa bado mwanafunzi. Nakumbuka saa moja usiku ikifika na nyumba nzima haijui pa kuangalia. Katika vurumai ile watu walikimbilia dukani kutafuta visanduku, na wengi tukatoka tukiamini kwamba bila dikoda ya kulipia hakuna TV. Tuliwachia imani hiyo wazazi wetu. Miaka kumi baadaye tunarudi kuwapandia mapaa.

Antena inamfikiria nani? Haimjui Mama hata kidogo. Haina jina lake, haina kadi yake, haihesabu anachotazama. Inarusha tu, na yeyote mwenye waya apokee. Kwa antena mtazamaji ni nyumba, na nyumba zote ni sawa. Najua matatizo yake. Matangazo ya kamari kila baada ya dakika kumi. Mwanasiasa anayeongea moja kwa moja kutoka mazishini kwa saa nzima. Tamthilia za Meksiko na Ufilipino zilizotiwa sauti ambazo hazikulingana na midomo tangu niko shule ya msingi. Sisemi ni sanaa kubwa. Nasema inafika kwa kila mtu kwa wakati mmoja, na jambo hilo nililielewa vizuri Agosti 22.

Siku hiyo Harambee Stars walikuwa wanacheza na Madagascar, robo fainali ya CHAN, Kasarani. Nilikuwa kwangu Roysambu, karibu na uwanja, natazama kwa simu kupitia mtandao. Mechi iliisha 1-1, ikaenda penalti. Kile wasichokuambia kuhusu mtandao ni kwamba picha inakufikia ikiwa imechelewa, wakati mwingine kwa nusu dakika nzima. Kwa hivyo kila penalti niliisikia kabla ya kuiona. Mtaa ulipiga mayowe, nikajua imeingia, kisha nikakaa nikimtazama mchezaji akipanga mpira uliokwisha kuingia. Halafu kukawa na kimya. Kimya chote cha Roysambu kilinifikia kikitokea madirishani na kwenye vibanda, nami kwenye skrini yangu bado tulikuwa na matumaini. Nilikaa ndani ya yale matumaini peke yangu kwa sekunde kama 30. Madagascar walishinda 4-3.

Nikampigia Mama. Alikuwa tayari ameshahuzunika, ameshatulia, na Mama Brayo ameshakwenda kuweka sufuria ya ugali. Walikuwa wamelia na nchi. Mimi nilifika matangani watu wakikunja viti.

Hapo ndipo ningemalizia kama ningetaka kuipamba antena. Lakini kulikuwa na Juni.

Juni 25, 2025, mwaka mmoja tangu vijana waingie Bunge wakipinga Mswada wa Fedha, watu walirudi barabarani. Vituo vikawa vinaonyesha moja kwa moja. Mchana likatolewa agizo la kusitisha matangazo hayo, kisha mawimbi ya vituo vikubwa vya binafsi yakaanza kuzimwa kimoja baada ya kingine. Mahakama Kuu ilikuja kulisimamisha agizo hilo, lakini mchana huo skrini za watu zilikuwa nyeusi. Haikuwa mara ya kwanza. Januari 2018, siku ya kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park, vilizimwa vivyo hivyo kwa siku kadhaa.

Mama alinipigia. Alijua nina marafiki mjini, na alijua huenda hata mimi niko huko.

"TV imepotea," akasema. "Ni mvua?"

Hakukuwa na mvua. Nilimsikia akifungua dirisha kuhakikisha.

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilielewa kwa mara ya kwanza kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kutazama jua na kusema mvua. Ilikuwa rahisi kuliko kumwambia mamangu kwamba mtu ameketi mahali na kuamua asione. Lakini katika ile nyumba uongo huo ulikuwa umeshatumika vya kutosha. Nikamwambia ukweli. Nikamwelekeza afungue YouTube, ambako vituo vile vile vilikuwa vinaendelea kupeperusha. Alibonyeza jina langu, kwa sababu ndilo alilozoea, akaitazama siku hiyo hadi jioni, yeye na Mama Brayo na wengine watatu wa ploti ambao antena zao na dikoda zao hazikuwa na kitu.

Kwa hivyo nikiulizwa leo kama inafaa kuachana na dikoda, jibu langu ni refu kuliko lile la Aprili. Ndiyo, kama unaifuata hesabu na tayari una wifi. Lakini usijidanganye kwamba umepata uhuru. Dikoda huzimwa na deni. Mtandao huzimwa na bando, na hata bando likiwepo unakugawa na watu wako, kila mtu na katuni yake. Antena huzimwa na mkubwa. Nilichomfungia Mama si kitu bora kuliko alichokuwa nacho. Nilimfungia njia mbili badala ya moja, na katika nchi hii, mtu mwenye njia moja ya kuona ni mtu anayeweza kufichwa.

Na wale wanaotengeneza kazi, waandishi na waongozaji wa rika letu, nina ombi moja kwao. Mkisherehekea mkataba na mtandao mkubwa, na msherehekee, ulizeni pia lini kazi hiyo itafika kwenye antena. Hata ikiwa miaka miwili baadaye. Hata ikiwa na matangazo ya kamari katikati. Tanya alijulikana kwa sababu hakuna aliyelipa kumjua. Mkikata hapo, miaka kumi ijayo kutakuwa na waigizaji hodari ambao hakuna mama yeyote atakayeketi wima akiwaona.

Desemba Mama aliniomba jambo. Wajukuu walikuwa wanakuja, na kuna tamthilia ya dikoda ambayo yeye na Mama Brayo waliiacha njiani nilipowaondolea bila kuwauliza. Alitaka mwezi mmoja tu. Kumbe katoni hakuipeleka stoo. Ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono.

Nikalipa. Tukakaa sote saba sebuleni, kikombe cha Mama Brayo mahali pake, na ndani ya nusu saa mawingu yaliyokuwa yamejikusanya tangu mchana yakamwagika juu ya mabati. Picha ikatetemeka, ikakatika. Skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe yakatokea.

Watoto wakatugeukia. Mama alikuwa anacheka hadi anajishika ubavu, na ilimchukua muda kupata sauti.

"Sasa hii," akasema, "ni mvua kweli."

Tukahamia antena hadi ilipoisha.